Mbuzi wa Kipolandi

Ukumbi wa kanisa tulimofanyia mazoezi ulinuka nta ya mishumaa na makoti yaliyolowa theluji. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na huo ulikuwa msimu wetu wa kwanza wa baridi katika mji wa Columbia Heights, ugenini, mimi na mama, baada ya miaka mingi katika kambi ya wakimbizi tangu tukimbie kwetu Uvira. Nilijiunga na kwaya ya shule kwa sababu kuimba hakukuhitaji Kiingereza kingi. Mwalimu wetu, Bi Halina, ambaye wazazi wake walitoka Poland, alitufundisha wimbo wa Kipolandi wa kuchekesha, uliotokana na nyimbo na mashairi ya mashambani. Ndani yake mbuzi anaingia kwenye shamba la kabichi. Tulinong'ona kama majani, tukalia kama mbuzi, tukanyamaza kabisa. Kisha wote kwa pamoja tukakanyaga sakafu kwa kishindo, maana mwenye shamba amefika.

Wenzangu walicheka kila tulipofika hapo. Mimi niliziba masikio. Ukimya kama ule ndio uliotangulia buti za watu waliokuja kumchukua baba. Bi Halina aliniona, akaniruhusu nisikanyage. Mama sikumwambia chochote. Alikuwa amefurahi mno kualikwa kwenye tamasha letu.

Siku ya tamasha alikaa mbele, kitenge kimefungwa juu ya koti. Ukimya ulipoingia, nilimwona ameacha kutabasamu. Kishindo kikalia. Mama akatoweka. Alikuwa amelala chini kati ya mabenchi, mikono kichwani, na watu wamegeuka kumtazama. Nilishuka jukwaani wenzangu wakiendelea kuimba, nikalala kando yake.

"Mama, ni mbuzi tu," nilimnong'oneza. "Amekula kabichi za watu."

Akauliza, "Mbuzi gani iko na buti?"

Nilimshika mkono, tukabaki pale chini mpaka wimbo ukaisha.

Sasa mama anatunza wazee huko Eden Prairie, na huendesha gari kwenye barafu bila wasiwasi. Mimi ndiye ambaye, nikiingia ukumbini, hutafuta kwanza mlango wa kutokea. Wanangu, wanaoelewa Kiswahili lakini hunijibu kwa Kiingereza, huniuliza mbona tunakaa nyuma siku zote. Huwaambia kwamba huko nyuma ndiko muziki unakosikika vizuri.