Pana Mtu Hapa

Siku ya mapumziko ukingo wa mto ule hujaa wavuvi wa ndoano bega kwa bega, na lau si adabu, pangekuwa na vita. Adabu yenyewe ni fupi. Hutupi ndoano kabla ya kumpigia jirani hodi. Huruki mwanzi wa kuvulia wa mwenzako. Mtu akinasa samaki, walio karibu huinua mishipi yao bila kunung'unika. Na ukiambiwa "pana mtu hapa," unakwenda zako.

Fundi saa aliishika adabu hiyo kuliko wote. Alikuwa mgane, wanawe wakiishi mbali, na alilala chumba cha nyuma ya duka lake, ambako saa za wateja ziligonga ukutani, kila moja kwa wakati wake. Mlango wake haukugongwa na mtu. Maongezi yake ya wiki nzima yalikuwa pale mtoni, kando ya mwashi, rafiki yake wa miaka.

"Fundi," mwashi alikuwa akimtania, "saa za watu unazijua, saa ya samaki kula huijui!"

"Nawe nyumba unazisimamisha, mwanzi unakulalia."

Mwashi akafa. Baada ya mazishi fundi saa alikuja mtoni na vigoda viwili, kimoja akakiweka pale pa rafiki yake. Kinyozi alipopiga hodi, akajibiwa, "Pana mtu."

Kinyozi alikuwa amelibeba jeneza la mwashi begani mwake. "Samahani, mzee," akasema, akapita. Wengine nao wakapita. Watu walibanana huku na huku, nafasi ile ikabaki wazi wiki baada ya wiki.

Walidhani wanamheshimu. Nasema hapana. Heshima isiyomsogelea mfiwa ni kumkimbia kwa hatua za taratibu. Na uongo ni uongo, hata ukisemwa kwa sauti ya chini. Fundi huyu hakuwahi kumficha mteja kwamba saa yake imekufa. Sasa kila aliposema "pana mtu," aliyatazama maji.

Ndipo akaja muuguzi mmoja, mgeni pale, mwanzi wake ungali na karatasi ya dukani.

"Hodi hapa, baba."

"Pana mtu."

"Haya. Atarudi saa ngapi? Nivue kidogo, akija nimpishe."

Kinyozi akakohoa. Fundi saa akakitazama kile kigoda kitupu. Saa ya kutaja hakuwa nayo.

"Harudi," akasema mwishowe. "Amekufa."

"Ah! Pole sana, baba. Basi nisikusumbue."

"Usiondoke." Akakivuta kile kigoda hadi miguuni pake. "Ila mshipi wako usivuke wangu."

Muuguzi hakuwa mtu wa maneno. Aliponasa, fundi aliinua mshipi wake kama ipasavyo, kwa mara ya kwanza tangu msiba kumpisha mtu wa upande ule. Hakuna aliyemtania. Jioni alirudi chumbani, akaviweka vigoda kimoja juu ya kingine, akazisikiliza saa.

Wiki iliyofuata alibeba kimoja. Alichelewa kidogo, akakuta watu wamejipanga: kinyozi huku, muuguzi kule, katikati upenyo wa mtu mwembamba. Alisimama nyuma yao na kigoda chake. Miaka yote ile alitangulia kufika, akawa akipigiwa hodi. Yeye hakuwahi kuipiga.

"Hodi," akasema.

Kinyozi akavuta ndoo yake bila kugeuka.

"Pita, mzee. Hapa hapana mtu."