Ibada ya Lugha Nisiyoijua

Huu ni mwaka wa nne nakunja mashuka ya mahoteli, katika kiwanda cha dobi huku Dubai Investments Park. Nina Jumapili moja tu ya mapumziko kwa mwezi, na naingoja kama mfungwa.

Wenzangu huuliza nafuata nini kanisani wakati huko ndiko nilikoumizwa. Kweli niliumizwa. Zedekiya, mume wangu, mwalimu wa kwaya kule kwetu Muleba, Tanzania, alimchukua mwanakwaya wake akamweka nyumbani kwangu miezi mitatu tu baada ya mimi kupanda ndege. Mchungaji akanipigia simu: "Mama Onesmus, vumilia." Basi. Tangu siku hiyo sijaimba tena. Nami natamani kitu kimoja tu: nisimame tena mbele za Mungu nimshangae mpaka nijisahau, kama nilipokuwa msichana.

Jumapili iliyopita, tukitoka zamu ya usiku, msimamizi alituzuia. "Yalla, haraka, toroli mbili tu za mashuka, halafu khalas, mmemaliza!" Mbili zikawa saba. Nilifika kanisani jasho likinitiririka. Ukumbi ule hutumiwa kwa zamu. Muda wenu ukiisha, mnawapisha wengine. Watu wa ibada ya Kiswahili walikuwa wameshatoka.

Ronnie, kijana wa Uganda anayelinda mlango, akacheka. "Mama, umekuja kusali ama kufagia?"

"Usinichokoze. Kumebaki nini?"

"Baraka zimeshatolewa. Sasa ni Wahindi wa Kerala. Rudi mwezi ujao, inshallah."

"Huo mwezi ujao unao wewe mfukoni? Nipishe."

"Lakini utaelewa nini mle?"

"Wale niliowaelewa walinifanyia nini, Ronnie?"

Akanifungulia mlango.

Nikaketi nyuma. Bibi mmoja mwenye sari nyeupe akasogea kunipa nafasi. Wakaanza kuimba polepole, wengine wamefumba macho. Sikushika hata neno moja. Nikawaza: Mungu anawaelewa hawa. Amewaelewa na wale waliotoka sasa hivi. Na kule Muleba saa hizi anaisikia kwaya ya Zedekiya, na papo hapo ananisikia mimi niliyekaa kimya miaka yote hii. Hachoki, wala hatuchanganyi. Ni mkubwa kiasi gani huyu?

Sikupiga magoti kwa kukusudia. Nilijikuta tu niko chini, paji la uso kwenye kiti cha mbele, na sauti inanitoka. Haikuwa na maneno. Niliufuata wimbo wao ulikopanda nikapanda nao, na kwa muda ule sikuwa mke wa mtu wala mke aliyeachwa.

Sijamsamehe Zedekiya, nisiseme uongo. Ila nilitamani wimbo ule usiishe.

Uliisha. Watu wakainuka, wakaanza kupanga viti kwa ajili ya kundi linalofuata. Bibi yule akanigusa bega taratibu. Nikamwomba kwa ishara ya mkono aniache kidogo, kidogo tu.