Kuku wa Mkuyuni

Juzi, kwenye hoteli moja ya Mkuyuni, nilimsikia mteja akikataa maharage yaliyoiva, akaagiza kuku wa kienyeji aliyekuwa bado anakimbia uani. Nikamkumbuka baba.

Mama alikuwa amefariki, na ukoo wake ulitaka nikalelewe kwa mjomba, kijijini Matombo. Baba ndiye aliyenipeleka. Tulifika hotelini hapo mchana, nikiwa na njaa, na harufu ya maharage ya nazi ilikuwa imejaa kote.

"Shikamoo mama. Tunaomba kuku," baba alimwambia mwenye hoteli.

"Marahaba, mwanangu. Utasubiri, hata kukamatwa bado."

"Hatuna haraka."

Nilinuna. Nilisikia kuku akifukuzwa kwenye migomba, kisha mchi ukiponda binzari polepole, nikaamini kabisa kwamba baba yangu ni mlafi. Tulipomaliza kula, gari la mwisho la Matombo lilikuwa limeshapita. Tukachukua chumba cha nyuma.

Asubuhi gari la kwanza lilisimama mlangoni.

"Matombo hiyo, mzee, twende!" konda aliita.

Baba akampungia mkono apite.

"Limejaa," aliniambia.

Ndani niliona abiria watatu tu.