Siku Niliyoandika Kapenta

Diploma yangu ya kompyuta niliipatia Goa, India, na nilijilipia mwenyewe kwa kuuza samaki wakavu kutoka Chienge mpaka Mansa. Natanguliza hilo kwa sababu hapa Nchelenge, Zambia, kuna watu wanaosema nilipelekwa na kanisa. Sikupelekwa na mtu. Katika makazi yetu ya wakimbizi waliotoka Kongo, mimi ndiye wa kwanza kupanda ndege na kurudi na karatasi yenye muhuri. Wananiita Diplome, na naitika.

Huko Goa nilipanga chumba kwa familia inayosema Kikonkani. Binti yao mkubwa, mwalimu, alikuwa na wenzake wakianzisha ensaiklopidia ya mtandaoni kwa lugha yao. Meza ya chakula ilijaa kompyuta na ugomvi: huyu anaandika Kikonkani kwa herufi za Devanagari, yule kwa za Kirumi, mwingine kwa za Kikannada. Mimi niliwatengenezea mashine zao, nikala wali na samaki wao, na sikutulia tena. Kiswahili cha pwani kina ensaiklopidia yake. Chetu cha Katanga, cha kusema mutu na mutoto, hakikuwa hata na ukurasa mmoja.

Nikarudi, nikaanzisha ya kwetu. Wasimamizi wa mradi, watu nisiowajua kwa sura, walinipa sharti: lugha haipewi anwani yake mtandaoni mpaka watu kadhaa waonekane wakiandika, mwezi baada ya mwezi, bila kukatika. Mtu mmoja hatoshi, hata akiwa mimi.

Waandishi niliwapata wakati ziwa letu, Mweru, limefungwa, miezi ile serikali inapokataza uvuvi ili samaki wazae. Wauzaji wa soko la Kashikishi walikuwa wamekaa bure, simu mkononi. Mama mmoja mfanyabiashara kutoka Pweto, upande wa Kongo, mwenye sauti ya kusikika mpaka majini, aliandika juu ya barabara za kwao. Mume wake aliandika juu ya kushona nyavu. Jirani wa meza yao ya samaki, Mbemba wa hapa hapa, alijaribu pia kwa Kiswahili chake cha sokoni. Halafu ziwa likafunguliwa, na kurasa zikanyamaza.

Kila asubuhi nilipanda baiskeli kwenda Kashikishi kuwabembeleza.

“Yaya, dada yangu mkubwa, hata mistari miwili tu,” nilimwambia mama wa Pweto.

“Weye Diplome, hauone mitumbwi inafika? Samaki ikioza, internet ndjo itaiuza?”

“Mwacheni ba Diplome,” jirani yake akasema. “Anatafuta bibi wa kuoa, amwandikie.”

Walicheka, na mwezi ulikuwa unakwisha. Nilizunguka sokoni, nikarudi nyumbani, nikatoka tena. Nikajiuliza ni nini kilichowashika wale watu wa Goa mezani. Si upendo wa lugha peke yake. Hakuna aliyekubali kuondoka akiacha herufi za mwenzake kwenye ukurasa.

Nikafungua ukurasa wa samaki wetu mdogo mweupe, yule ambaye Wabemba wanamwita chisense na sisi tunamwita fretin. Juu kabisa, kwa jina langu, nikaandika: “Huyu ni kapenta.”

Kapenta ni samaki wa Ziwa Tanganyika. Ukimwita hivyo samaki wa Mweru hapa Kashikishi, ni sawa na kumwambia mama kwamba mtoto aliyembeba ni wa jirani. Nilijua vizuri. Samaki huyu nilimla kabla sijaota meno, na ndiye aliyenilipia masomo.

Kesho yake nilikuta vichwa vimeinamia simu katikati ya meza za samaki.

“Nani alifundisha uyu mutu?” mama wa Pweto aliuliza, nami nimesimama mbele yake. “Kapenta? Mu Mweru?”

“Ni diplome ya Bahindi,” mume wake akajibu. “Kule samaki yote jina yake ni mchuzi ya kari.”

“Mimi nimeshafuta,” alisema jirani yao. “Nimeweka chisense.”

“Na miye nimefuta yako. Chisense ni Kibemba. Iyi kitabu ni ya Kiswahili.”

“Fretin ni Kifaransa, mama.”

“Ni Kifaransa ya kwetu.”

Ulimi uliniwasha. Nilitaka kuwaambia kwamba nilifanya makusudi, kwamba hakuna mwingine ziwani hapa angewaza jambo kama hilo. Lakini wangejua ni mtego, wangecheka mara moja, kisha simu zingerudi mifukoni. Nikasema, “Labda nilikosea. Tofauti yao ni nini?”

Walinigeuzia mgongo, wakaandika: magamba, harufu ya kukaushwa mchangani, taa za wavuvi, namna ya kumpika na nyanya. Mtu wa kijiji cha Kabuta nisiyemjua alijiunga siku hiyo hiyo, kwa ajili ya kunitukana.

Tangu hapo, mpaka Chienge, mimi ni msomi asiyejua samaki. Kanisani mzee mmoja alinishika mkono akaniuliza kama India walinilisha vibaya.

Mwezi ule wasimamizi waliuhesabu. Anwani bado haijatolewa. Nafungua simu, nafunga, nafungua tena. Tangu jana kurasa zimeanza kupoa. Leo niko kwenye ukurasa wa bukari, ugali wetu wa mihogo, na nimeshaandika, kwa jina langu, kwamba ule wa mahindi ni mtamu zaidi. Bado sijabonyeza kuhifadhi. Mama yangu mwenyewe husoma kurasa hizi.