Mayai ya Msiba wa Mwalimu Miriamu

Mwanangu, siku ile telegramu ya mwalimu Miriamu ilipofika kijijini kwetu Matinyani naikumbuka mpaka leo, na nikiikumbuka roho huniuma.

Miriamu alikuwa Mmarekani, Myahudi, aliyekuja kufundisha sayansi shuleni kwetu miaka ya sabini. Alipanga chumba katika boma letu. Kila Ijumaa kabla jua halijatua aliwasha mishumaa miwili dirishani, kisha akakaa na mama yangu kumsimulia habari za kwao. Mji wao ulikuwa mdogo na Wayahudi wachache, lakini kina mama walikuwa na chama chao. Ndio waliowapikia wafiwa, ndio walioshona mapazia ya nyumba ya ibada, ndio waliowapokea wageni wasio na jamaa. Mwenyekiti wao alikuwa mama yake Miriamu. Mama yangu, ambaye naye aliongoza mwethya, kikundi chetu cha kina mama cha kuchimba matuta mashambani na kusaidiana, alicheka akasema kumbe hata Marekani wanawake hawalali.

Basi telegramu ilisema mama yake Miriamu amefariki na tayari amezikwa, maana Wayahudi hawakawii kuzika. Miriamu akajifungia chumbani. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Wale kina mama wa kwao wangemfikiaje? Mimi, msichana mjuaji, nikawaambia watu wamwache, eti wazungu hupenda kulia peke yao.

Mama alinitazama kama niliyemwaga uji. "Kwani mzungu huzaliwa na mti? Jiko lake halijawashwa tangu jana. Nani atampikia, ukuta?"

Akachemsha mayai na dengu, kwa sababu Miriamu alikuwa amemweleza kwamba kwao mfiwa hulishwa na majirani, na chakula cha kwanza huwa cha mviringo, kama maisha yanavyozunguka. Akabeba na kigoda chake, kwa kuwa mfiwa wa Kiyahudi hukalia kiti kifupi. Mlangoni akawaonya wenzake wa mwethya aliokuja nao jambo gumu: kwa Wayahudi mgeni hasemi mpaka mfiwa aseme. Hebu fikiria, mwanangu. Wanawake ambao nyimbo zao zilisikika mlima wa pili, ambao msibani huanza kwa pambio na maombi, walikaa sakafuni kimya. Mmoja aliziba mdomo kwa leso ili asianze kuomba.

Baada ya muda Miriamu akala yai moja. Kisha akasema, "Mama angefurahi kuwaona." Ndipo wote wakalia. Juma zima hakuwasha jiko, kina mama walimletea chakula kwa zamu.

Mkataba wake ulipokwisha alirudi kwao, na sikumwona tena. Hamu yake haijaniisha. Hata sasa, Ijumaa jioni, macho yangu huenda kwenye lile dirisha, nalo lina giza.

Mama alipofariki, miaka ya tisini, watu walikuja wakasema mengi mazuri. Nilikalia kile kigoda nikitazama njia, nikimngoja Miriamu, niliyejua hawezi kuja. Jioni akaja bibi mmoja wa mwethya, yule wa leso, na mayai ya kuchemsha kiondoni. Akaketi sakafuni, hakusema neno, akaningoja nianze mimi.

Mwanangu, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Usimwache mgeni na msiba wake kwa kudhani ndivyo anavyotaka. Uliza desturi zake angali anacheka, ili siku ya kulia uwe unazijua. Nenda na chakula, na kama ni kunyamaza, nyamaza karibu naye. Mungu akujalie majirani wanaoijua njia ya mlango wako, na siku utakapokalia kigoda hicho, usikose mtu sakafuni.