Mshono wa Uzi wa Buluu

Harufu ya kitambaa kipya cheupe naijua hata nikifumba macho. Ni harufu ya wanga na vumbi la duka, kavu, inakwaruza koo kidogo. Nilikutana nayo juzi mjini Arusha, kwenye duka la vyombo vya umeme, mahali ambapo sikuitegemea kabisa. Mjukuu wangu Glory amejenga Usa River, na katika nyumba hiyo ametenga chumba kizima cha kuangalia picha. Hakuna kitanda humo, hakuna kabati, ni viti vya kuegemea na kapeti. Akanichukua nikamsaidie kuchagua, televisheni kubwa au projekta. Mimi niliyeishia darasa la nne. Nilijua anataka tu nitoke nyumbani ninyooshe miguu, nikaenda.

Muuzaji alikuwa mama mmoja mcheshi, akanipa shikamoo na kiti. Akatueleza kwamba televisheni unaitazama hata mchana dirisha likiwa wazi, ila ukubwa wake una mwisho. Projekta inataka giza na mapazia mazito, lakini picha inajaa ukuta mzima. Halafu akavuta kamba, na kitambaa cheupe kikashuka kutoka juu mpaka usawa wa magoti yangu. "Hiki ndicho kinachopokea picha, bibi," akasema. Harufu ikanifikia. Nikamwambia Glory achukue televisheni. "Bibi, hata hujaiona projekta ikiwaka," akasema. Nikamjibu televisheni inatosha. "Nipe sababu basi." Sababu ninayo, nimekaa nayo miaka sitini, lakini si ya kutolewa dukani. Nyumba ni yake, akachukua projekta.

Nilikulia juu ya Usa River, upande wa mlimani, katikati ya migomba na kahawa, kwenye boma la bibi mzaa baba. Bibi yangu alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda, na ndani yake, chini ya vitu vyote, palikuwa na shuka jeupe la marekani, ile pamba nzito ya dukani, alilolinunua kwa kahawa yake mwenyewe. Kitambaa cha siku zile kilikuwa na upana mdogo, kwa hiyo aliunga vipande viwili akashona katikati kwa mkono. Uzi mweupe ulimwishia, akamalizia kwa uzi wa buluu. Mara moja kwa mwaka alilitoa, akalianika kivulini, akalikunja tena na majani makavu ya mkaratusi ili wadudu wasiliguse. "Hii ni nguo yangu ya safari," alituambia. "Nikifa msinitafutie nyingine." Hata mtoto wa kunyonya alijua kuwa lile shuka haliguswi.

Funguo ya sanduku alikuwa nayo mama mdogo Eliaichi, mke wa baba yangu mdogo. Alikuwa ameolewa hajamaliza mwaka, ana mimba, na bibi alimpenda kwa sababu alikuwa mchapakazi asiye na maneno. Kumpa mke mgeni funguo ya sanduku ilikuwa heshima kubwa. Aliifunga kwenye pindo la kanga, na jioni alipokwenda kukamua aliitundika kanga hiyo mlangoni, isichafuke.

Basi msimu wa kuchuma kahawa, ile baridi ya Julai ambapo ukungu hautoki mlimani mpaka saa sita, likaja gari la sinema. Lilikuja kuonyesha wakulima namna ya kupogoa kahawa, lakini sisi watoto hatukujali linaonyesha nini. Picha inayotembea hatukuwahi kuiona. Lilisimama kwenye uwanja wa ghala, mahali pa kupimia kahawa, na watu wakaanza kushuka kutoka kila kihamba, kila shamba la ukoo. Yule bwana wa sinema akakunjua kitambaa chake, akakuta kimechanika katikati kama kimekatwa na panga. Akauliza kwa sauti, "Kwa nani hapa kuna shuka kubwa jeupe? Atakayeleta atakaa kwenye kiti changu." Watu wakatazamana. Kiti hicho kilikuwa cha kukunja, cha turubai, na mimi katika maisha yangu nilikuwa nimekalia kigoda, gogo na mkeka. Nikakimbia. Mama mdogo alikuwa zizini, nilisikia maziwa yakigonga kibuyu. Nikafungua pindo la kanga, nikafungua sanduku, na nilipomaliza nikairudisha funguo mahali pake na kufunga fundo kama lilivyokuwa.

Shuka la bibi wakalipigilia misumari kwenye nguzo mbili za ghala. Nilikaa kwenye kiti cha turubai, miguu haifiki chini, na picha ikawaka. Ilikuwa mikono ya mtu inakata matawi, mikubwa kuliko nyumba, na katikati ya mikono hiyo ukashuka mstari kutoka juu mpaka chini. Hapo ndipo nilipomwona bibi. Naye alikuwa amekuja, amekaa kwenye nyasi na wanawake wenzake, anacheka kwa mshangao kama wote. Kisha akaacha kucheka. Akauangalia ule mstari. Mtu hasahau mshono wake. Akasimama, akajifunga shuka lake la mabegani, akaondoka, na mimi sikushuka kwenye kiti.

Asubuhi kabla ya sala alitukusanya. Shuka lilikuwa mapajani mwake, lina matundu manne ya misumari na doa la udongo mwekundu. "Nani alifungua sanduku?" Mama mdogo akasema hajui. Akaulizwa funguo ilikuwa wapi, akasema ni yeye alikuwa nayo. Bibi akanigeukia mimi. Nikasema, "Nilimwona mama mdogo akifungua." Ni hayo tu niliyosema, na hakuna aliyeniuliza mara ya pili. Nilikuwa na miaka tisa. Mtoto wa miaka tisa anajua uongo ni nini. Mama mdogo aliniangalia. Ukiniondoa mimi, alikuwa mtu pekee pale aliyejua si yeye, kwa hiyo alijua ni nani.

Baba mdogo akamrudisha kwao siku ile ile. Alikaa huko mpaka tumbo likawa kubwa, na akakataa kukiri. Lakini mtoto lazima azaliwe kwa baba yake. Huku kwetu mlimani, aliyekosa akitaka kusamehewa huja na jani la sale, lile jani refu tunalootesha mpakani, na anayeletewa hawezi kulikataa. Mama mdogo alikuja nalo. Alipiga magoti kwa shida, tumbo lile, mbele ya ukoo mzima, akamnyooshea bibi jani kwa mikono miwili, akaomba radhi kwa kosa langu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, nakula ndizi. Bibi akalipokea, akamwinua, akamsamehe. Funguo hakumrudishia. Alinipa mimi, kwa kuwa nilisema kweli.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikuwa fupi. Nililinda sanduku lile miaka minne, na bibi alipofariki ni mimi niliyelifungua nikatoa shuka. Alivikwa likiwa na matundu yake. Nilitajwa kwenye mahubiri ya mazishi kama mtoto mwaminifu. Toka hapo mama mdogo hakuniita tena kwa jina langu. Aliniita Mwenye Funguo. Harusini kwangu, msibani kwa mume wangu, "Shikamoo mama mdogo," "Marahaba, Mwenye Funguo." Watu walidhani ni utani wa kupendana. Mimi nimechapa watoto wangu kwa uongo, nimechapa na wajukuu, na kila fimbo nilijua anayeistahili ni mimi.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, Glory alituita kuzindua chumba chake. Mama mdogo aliletwa kutoka Makumira anakokaa na mwanawe, yule yule aliyekuwa tumboni. Ndiye mkubwa kuliko wote tuliobaki, akapewa kiti cha mbele. Glory akavuta mapazia mchana kweupe, kukawa giza, akashusha kile kitambaa. Mama mdogo akakiangalia muda mrefu kabla picha haijawaka. "Hiki hakina mshono," akasema.

Nilikuwa nimekuja na jani la sale. Nilikuwa nimelikata kwenye ua asubuhi, nikalikunja ndani ya kitenge, nikiwa na nia ya kumpa pembeni, jikoni labda, tukiwa wawili. Nikaona nikingoja jikoni nitangoja miaka mingine sitini, na yeye hana hiyo miaka. Nikapiga magoti pale pale kwenye kapeti, nikamnyooshea. Hawezi kulikataa, na hakulikataa. Akalipokea, akaliweka mapajani. "Mimi nililileta mbele za watu," akasema. "Simama useme, hawa watoto wasikie."

Nikasimama mbele ya kitambaa. Projekta ilikuwa imeshawaka, mwanga wote unanipiga usoni, sioni mtu, na picha ya milima ya nchi za watu inatembea juu ya gauni langu. Nikasema yote. Shuka, kiti cha turubai, fundo la kanga, maneno niliyomwambia bibi. Glory alizima sauti. Siku ile ya ghala nilikuwa nimekaa kwenye giza nikiangalia, na siku ya jani aliyepiga magoti mbele ya kila mtu hakuwa na kosa. Nilimaliza nikabaki nimesimama, sijui niende wapi. Mwanawe mama mdogo alikuwa ameinamisha kichwa.

"Haya, Anandumi," akasema mama mdogo kutoka gizani, "sogea. Unatuziba."