Kisosi cha Paka wa Shangazi

Shangazi, fundi cherehani, hakuwahi kumaliza chai yake ya maziwa. Iliyobaki aliimimina kwenye kisosi cha paka. Paka huyo aliharisha mwezi mzima, akabaki mifupa na macho, na mpwa wake ndiye aliyepiga deki chini ya cherehani huku ameziba pua.

Daktari wa mifugo aliwaeleza kwamba tumbo la paka lina vijidudu vyema vinavyosaidia kusaga chakula, na kila akipewa maziwa vinavurugika. Apewe chakula cha aina moja na maji tu, la sivyo atakufa.

“Umesikia, Shangazi?”

“Nimesikia, mwanangu. Masikio haya si mapambo.”

Kesho yake mpwa alikikuta kisosi kimefichwa nyuma ya vitambaa, bado kina maziwa.

“Shangazi! Unataka kumuua?”

“Kidogo tu, ya kumpoza tumbo.”

Mpwa alimtia paka kikapuni ampeleke kwake akapone. Shangazi aliwasindikiza hadi mlangoni, akasema:

“Haya, nenda naye. Ila akikutazama ukinywa chai, wewe geuza uso.”